Jicho la mpwa wangu, na neno "ajali"

Ripoti ya shule ilikuwa na mistari minne tu, kwa Kiingereza. Wa tatu, nikiutafsiri, ulisema mwanafunzi "alipata ajali darasani wakati wa mapumziko". Mpwa wangu hakupata ajali. Alichomwa jicho la kushoto kwa bikari, kile kifaa chenye ncha cha kuchorea duara, na mwenzake wa darasa la saba, mbele ya watoto zaidi ya 70. Wala hayakuwa mapumziko. Kengele ya saa nane ilikuwa imeshalia, kipindi cha hisabati kimeanza, bikari ziko juu ya madawati, mwalimu hayupo.

Ilikuwa Juni 2018, katika shule ya msingi ya umma huku kwetu Pwani ya Kenya. Mtoto alikuwa na miaka 13. Shule siitaji, maana watoto waliokuwa darasani siku ile sasa ni watu wazima, akiwemo yule aliyeshika bikari, na kila mmoja ana maisha yake ya kuishi. Ninachotaka kueleza ni jambo nililojifunza kwa miaka minne ya kuzunguka ofisi za watu: mtoto akiumizwa na mtoto mwenzake shuleni, nani anawajibika mbele ya sheria? Nilidhani jibu nalijua. Silo nililokuwa nalo.

Nianze na hilo neno. Ajali tumelipata kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa, siku ya mtu kufikwa. Ndiyo maana tunasema ajali haina kinga, na mwalimu mkuu alitwambia maneno hayo hayo tulipoingia ofisini kwake, mimi na dada yangu, siku ya tatu baada ya tukio. Aliyasema kwa upole kabisa, mkono kifuani. Lakini ukishaliita jambo ajali umeshalitoa mikononi mwa watu na kulipeleka kwa Mwenyezi Mungu, na mbele ya Mungu mja atauliza nini? Dada yangu aliinamisha kichwa. Mimi pia niliinamisha. Nusu saa nzima tulikaa pale tukipewa pole kana kwamba tumefiwa.

Mambo yalikuwa yanajulikana. Yule kijana, aliyekuwa na miaka 14, alikuwa akimtoza mpwa wangu shilingi kumi kila asubuhi tangu muhula uanze. Siku asiyopewa, daftari lilichanwa. Dada alikwenda shuleni mara mbili. Mara ya kwanza mwalimu wa darasa alisema atalifuatilia. Mara ya pili alimkuta naibu wa mwalimu mkuu, akaambiwa watoto wa kiume lazima wakomae. Ijumaa kabla ya tukio kijana alitamka mbele ya wenzake, "Nitakutoboa." Mpwa wangu alikwenda kumwambia mwalimu, kama tunavyowafundisha watoto wafanye. Waliitwa wote wawili, wakaambiwa wapeane mikono, wakapeana. Jumatano bikari ikaingia jichoni.

Hospitali ya kaunti ilitupa rufaa kwenda Mombasa usiku ule ule. Daktari wa macho alieleza jambo ambalo sijalisahau. Alisema jicho likichomwa ndani namna ile, mara chache mwili huweza kuligeukia hata lile jicho zima na kulishambulia, na madaktari huliita hilo kwa jina lenye maana ya huruma: jicho zima linalihurumia lililoumia. Wiki kadhaa tuliishi na hofu hiyo. Kila asubuhi dada aliziba jicho la kushoto kwa kiganja na kumuuliza mwanawe anaona vidole vingapi. Jicho la kulia, alhamdulillahi, lilisalimika. La kushoto lilifanyiwa upasuaji mara mbili na leo linatofautisha mwanga na giza, basi. Gharama tulichangishana. Bima ya EduAfya iliyoanzishwa mwaka huo ilikuwa ya wanafunzi wa sekondari za umma, na yeye alikuwa darasa la saba.

Sasa tazameni shule ilivyolimaliza jambo hili. Kwanza, kijana alichapwa viboko kwenye paredi, wanafunzi wote wakitazama. Viboko shuleni vimepigwa marufuku Kenya tangu 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema anayempa mwanafunzi adhabu ya kumtesa kimwili anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa hiyo shule ilipotaka kuonyesha kwamba imetenda haki, ilitenda kosa. Kisha tukaitwa kwenye sulhu. Palikuwa na chai, mandazi, mwenyekiti wa wazazi, na karatasi iliyoandikwa tayari: mzazi amepokea shilingi 15,000 kusaidia matibabu na hana madai zaidi. Dada alitia sahihi. Simlaumu hata chembe. Alikuwa hajalala siku tisa, na zile 15,000 zilikuwa dawa za wiki mbili.

Usiku wa siku hiyo ndipo mama wa yule kijana alipokuja. Ni mama wa kuuza mahamri, anaamka saa tisa usiku kukanda unga. Alikuja na shilingi 2,000 zimefungwa kwenye pindo la leso, akaziweka mkekani, akashindwa kusema. Dada yangu naye hakusema. Walilia pamoja, wamama wawili, mimi nikatoka nje. Baadaye tulijua kwamba baba wa kijana alikuwa akimpiga kwa waya wa umeme, na kwamba hilo nalo shuleni walikuwa wanalijua, kwa sababu aliwahi kuvua shati wakati wa michezo na mwalimu akauona mgongo wake.

Siku nyingi nililala nikimchukia mtoto yule. Sikuanza kumwona vizuri mpaka nilipousikia ule mgongo.

Imamu wa mtaa wetu, mzee tunayemheshimu sana, alinieleza namna fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inavyolitazama jambo hili. Jicho moja lina dia yake, yaani fidia ya damu, nusu ya dia ya nafsi nzima, na mtoto asiyebaleghe anapojeruhi, hata akikusudia, kwa kauli ya wanazuoni wengi tendo lake huhesabiwa kama la bahati mbaya, na mzigo wa kulipa huwaangukia jamaa zake wa kiumeni, sio yeye. Kusamehe ni haki ya aliyejeruhiwa, si ya majirani wanaotaka jambo liishe. Maneno yale yalinituliza, hasa hilo la mwisho. Lakini Kadhi wa Kenya, kwa Katiba, husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kati ya Waislamu. Jicho la mtoto wa shule halifiki mezani kwake. Ilitubidi twende kwa mlango mwingine.

Wakili tuliyempata alikuwa dada mmoja mchanga, ofisi yake juu ya duka la simu. Swali langu la kwanza kwake lilikuwa: yule mtoto atafungwa? Alinitazama kidogo, akaniuliza, "Mjomba, unatafuta mtoto wa kufungwa au unatafuta nani aliliacha jambo hili litokee?" Ilinichukua muda kuelewa kwamba hayo ni maswali mawili, na kwamba sheria nayo imeyatenga.

La kwanza ni la jinai. Kwa sheria ya 2018, mtoto wa miaka 14 angeweza kushtakiwa kwa kusababisha madhara makubwa ya mwili. Polisi walishaandika tukio kwenye OB, kitabu chao cha matukio, daktari alishajaza fomu ya P3 ya kueleza majeraha, na afisa wa zamu alimuuliza dada kama anataka kuendelea. Dada alikataa. (Sheria imebadilika tangu hapo. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kijinai kabisa, na aliye chini ya 14 huchukuliwa kwamba hajui kutenganisha jema na baya mpaka ithibitishwe vingine. Imefungua pia njia ya kumaliza kesi za watoto bila kuzipeleka mpaka hukumu, kwa kuomba radhi na kufidia. Naiona ni sheria nzuri.)

La pili ni la madai, na hapa ndipo nilipokosea kwa siku zote. Nilidhani mzazi hulipa makosa ya mwanawe. Kwa sheria tuliyorithi kwa Waingereza, mzazi hawajibiki kwa kuwa mzazi tu; ni mpaka ionekane kwamba yeye mwenyewe alizembea. Mahakama inayomsikiliza mtoto aliyeshtakiwa inaweza kumwamuru mzazi alipe faini au fidia, lakini huko ni kwenye jinai, na sisi tulishakataa kwenda huko. Tena hata ingewezekana, tungemdai nini mama wa mahamri? Unga wake?

Mwenye wajibu, wakili alisema, ni yule aliyekabidhiwa mtoto. Akatuhadithia kesi ya Uingereza ya 1893, ya mwalimu aliyeacha fosforasi mahali wanafunzi walipoweza kuifikia na mmoja wao akaungua. Majaji walisema mwalimu anapaswa kuwaangalia wanafunzi kama baba mwangalifu anavyowaangalia wanawe. Kipimo hicho kina umri mkubwa kuliko Kenya yenyewe, na bado mahakama zetu hukitumia.

Kisha akanipa kesi mbili nikazisome nyumbani, na zote mbili zilikuwa za macho. Sijui kama alikusudia. Ya kwanza ni ya 1968, huko huko Uingereza, katika kaunti ya Surrey. Walimu walitupa kamba ndefu ya mpira, iliyotoka kwenye chombo cha kurukia cha mazoezi, ndani ya pipa la taka lililo wazi. Wavulana wakaitoa wakati wa mapumziko, wakachezea, ikamrukia mmoja jichoni. Mamlaka ya elimu ikabebeshwa dhima. Jaji hakusema "wavulana ni watundu, wajilaumu wenyewe". Alisema utundu wao ndio uliopaswa kutarajiwa. Ya pili ni ya 1998. Wasichana wawili wa miaka 15 walikuwa wakipigana kwa rula za plastiki kama panga, kwa mchezo, rula ikavunjika na kipande kikaingia kwenye jicho la mmoja, likapofuka. Mahakama ya Rufaa ikasema yule mwenzake hawajibiki: mchezo ule ulikuwa wa kawaida shuleni, hakuna aliyewahi kuwakataza, na msichana wa umri wake hangeweza kutarajia madhara yale.

Nilizisoma usiku, chini ya taa ya sola, mpwa wangu amelala chumba cha pili na bandeji yake. Niliposoma ya pili niliumia sana kwa ajili ya yule msichana, aliyeondoka mahakamani bila kitu. Lakini nilielewa. Sheria haiulizi jeraha ni kubwa kiasi gani. Inauliza: mtu mwangalifu, kwa aliyoyajua siku ile, angeliona likija?

Na kwetu sisi walijua. Walijua kuhusu zile shilingi kumi, walijua kuhusu neno la Ijumaa, walijua bikari zimetoka, na waliacha watoto 70 bila mtu mzima.

Hapa lazima niwatetee walimu, na natetea kwa moyo wangu. Mwalimu wa hisabati hakuwa ametoroka kwenda kunywa chai. Alikuwa darasa la nane, akishika kipindi cha mwenzake aliyehamishwa na ambaye hajaletewa badala yake. Darasa la 70 mwalimu mmoja hulilindaje? Sheria yenyewe haimtaki awe na macho kila pembe, wala haisemi kila mtoto aumiapo shule ilipe. Watoto wakikimbizana uwanjani na mmoja akavunjika mkono, mara nyingi hiyo ni ajali kweli, na neno hilo ndipo mahali pake. Ndiyo maana wakili hakumshtaki mwalimu wa hisabati peke yake. Alishtaki bodi ya usimamizi ya shule, mwajiri wa walimu, na Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya wizara. Aliyewapa walimu watano kazi ya walimu tisa naye alikuwa na la kujibu.

Nchi yetu hata hivyo, mambo yakiharibika, hupenda kumtafuta mtoto. Julai 1991 wavulana wa shule ya St. Kizito huko Meru walivamia bweni la wasichana, na wasichana 19 wakafa. Machi 2001 bweni la Kyanguli huko Machakos lilichomwa usiku, wakafa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Septemba 2017 ni moto wa Moi Girls Nairobi, wasichana 10. Aliyekuwa mwanafunzi wa hapo alihukumiwa mwaka 2022 kifungo cha miaka mitano kwa kuua bila kukusudia. Kila mara picha ya kwanza magazetini ni mtoto kizimbani. Aliyewasha moto lazima aulizwe, sikatai. Lakini kiberiti hakifungi mlango kwa nje, wala hakipigilii vyuma dirishani. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na wizara mwaka 2008 unasema wazi madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na milango ifungukie nje. Wazazi wa Kyanguli walisubiri mpaka 2016, miaka 15, ndipo Mahakama Kuu ya Machakos ikatamka kwamba wanastahili fidia. Mzazi aliyekuwa na miaka 50 siku ya moto alikuwa na 65 siku ya hukumu.

Sisi tulikaribia kukosa hata hiyo nafasi ya kusubiri. Kuna jambo moja natamani kila mzazi Kenya alijue, nalo ni muda. Kesi ya uzembe dhidi ya shule ya binafsi ina miaka mitatu. Dhidi ya Serikali ni miezi 12. Mtoto ana unafuu wake kwa kuwa bado mtoto, lakini wakili wetu alisema unafuu ule una masharti yake na hataki kuutegemea. Tulifika kwake mwezi wa kumi tangu tukio. Tulikuwa tumepoteza miezi minane yote tukisubiri "bodi ikae". Alifungua kesi mwezi wa 11, kwa jina la mtoto, dada yangu akisimama kama mlezi wake katika shauri. Kuhusu ile karatasi ya sulhu alisema haiwezi kumfunga mtoto: mama anaweza kusamehe cha kwake, jicho si lake.

Shida ilikuwa ushahidi. Shule ilikana kwamba iliwahi kuambiwa lolote. Dada alikwenda mara mbili, kweli, lakini alikwenda na buibui lake na mdomo wake, hakuna alichoandika wala alichoandikiwa. Nani atathibitisha? Kitabu cha wageni cha bawabu kilikuwa kimelowa mvua, eti. Kilichotuokoa ni kitu ambacho hakuna aliyekifikiria. Bibi mmoja, jirani yetu, ambaye mjukuu wake alikuwa darasa hilo hilo, alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi na hakuwahi kufuta ujumbe wowote tangu aliponunuliwa simu. Humo palikuwa na sauti ya mwalimu wa darasa, ya Jumamosi moja kabla ya tukio, akiwaambia wazazi kwamba kuna mwanafunzi anawatoza wenzake pesa na kuwatisha, na kwamba "uongozi unalifanyia kazi". Sekunde 42. Zilipigwa mbele ya mawakili wa upande wa pili, wakaomba kuahirisha, na kesi iliporudi walikuwa na sura nyingine.

Corona ilifunga mahakama, hakimu akahamishwa, faili likapotea likaonekana. Mwaka 2022 pande zote zilikubaliana mbele ya hakimu. Kiasi sitakitaja kwa kuwa ni mali ya kijana. Kilihifadhiwa kwa amri ya mahakama mpaka alipotimiza miaka 18. Katika makubaliano yale palikuwa na sentensi niliyoipigania mimi mwenyewe, wakili akinicheka kidogo kwa ukaidi wangu: rekodi ya shule irekebishwe, neno ajali litoke, iandikwe kwamba mwanafunzi alijeruhiwa na mwanafunzi mwenzake baada ya shule kupewa taarifa za vitisho. Walirekebisha. Nina nakala yenye muhuri.

Mpwa wangu anasomea ufundi wa umeme sasa. Kwenye matatu hukaa daima upande wa kushoto kabisa, dirishani, ili watu wote wawe kulia kwake. Yule mwenzake aliacha shule mwaka ule ule wa viboko, anaendesha bodaboda. Wakikutana husalimiana. Sijui wanasemezana nini na sijauliza.

Januari mwaka jana dada alimpeleka binti yake mdogo shule nyingine. Nilikwenda naye. Walipomaliza kujaza fomu alitoa mkobani kaunta buku mpya, akaiweka juu ya meza ya mwalimu mkuu, akamweleza kwa adabu kwamba kila atakapokuja kuleta jambo lolote kuhusu mtoto ataliandika humo, na tarehe, na atamwomba mwalimu atakayempokea atie sahihi. Mwalimu mkuu alikigeuza kile kitabu, akafungua ukurasa wa kwanza, ulikuwa mtupu. Akauliza, "Na leo una jambo gani, mama?" Dada akasema leo amekuja kumkabidhi mtoto. Mwalimu akachukua kalamu, akaandika hivyo hivyo, akaweka tarehe, akatia sahihi.